Giza la Saa ya Uji

Sijaona mtu mwingine anayemkasirikia mgonjwa kwa kusema "kizunguzungu". Baba yangu alikuwa anakasirika kweli, mpaka anaweka penseli chini.

"Hiyo si jibu," alikuwa akiwaambia. "Hiyo ni gunia. Kila mtu anaweka kitu yake ndani. Fungua tuone."

Baba anaitwa Moffat Gichovi, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa dispensari ndogo nje ya mji wa Kianyaga, pale mashamba ya kahawa yanapoishia na ya chai kuanza. Hakuwa daktari wala nesi. Kazi aliyoandikiwa ilikuwa kujaza majina kwenye daftari na kuwaingiza watu kwa zamu. Lakini madaktari tulioletewa walikuwa wageni, leo mtu wa Kisumu, kesho wa Machakos, mwaka unaofuata kijana wa Mombasa anayevaa sweta mbili, nao wazee wetu walijua Kigikuyu na Kiswahili cha kuuliza bei. Kwa hiyo Baba ndiye aliyesimama katikati. Mgonjwa alikaa kwenye benchi mbele ya meza yake, Baba akamhoji, kisha akaandika kikaratasi cha kumpelekea daktari. Likizo za shule nilikuwa nakaa mwisho wa lile benchi nikimsubiri tuende nyumbani, na maswali yake niliyashika kichwani kabla sijajua kuzidisha.

Yalikuwa matano. La kwanza, ni wewe unazunguka ama ni nyumba inazunguka? La pili, ni giza ama ni ukungu? La tatu, inakuja ukisimama, ukilala, ama ukigeuza kichwa? La nne, imechoka ni miguu ama ni roho? La tano aliliuliza akiwa ameinamisha kichwa anaandika, kana kwamba halina maana yoyote: na umekunywa dawa ya nani?

Si dawa gani. Dawa ya nani. Baba aliwajua watu wake. Kwetu dawa haitupwi. Mtu akipona, vidonge vilivyobaki vinawekwa kwenye kikombe juu ya kabati, na jirani akija analalamika anapewa viwili avijaribu. Swali la tano lilikuwa likiwanasa wengi. Kuna mzee mmoja alifikiri sana, akajikuna shingo, akasema, "Ya ng'ombe." Baba aliandika hivyo hivyo kwenye kikaratasi, na yule kijana wa Mombasa akatoka chumbani mbio kuja kuhakikisha amesoma vizuri.

Hata mama yangu alipatikana kwa maswali hayo. Njoki alikuwa mchumaji wa kahawa, na ilikuwa Novemba, kahawa imeiva yote kwa pamoja. Wenzake walimleta wakimshika mikono. Baba akamuuliza, naye akajibu kwamba ni nyumba inazunguka, kwamba ni ukungu na ndani ya ukungu kuna nyota nyota, kwamba miguu ndiyo imechoka, roho iko sawa. Alipofika kwenye swali la tano, Mama akasema, "Dawa? Hata chai sijakunywa tangu jana." Basi karani akafunga daftari, akafungua mfuko wake wa chakula, akamkatia nduma yake katikati na kumpa nusu iliyo kubwa. Hivyo ndivyo Baba alivyosimulia. Mama alingoja amalize, kisha akasema njaa haikuwa kali hivyo, ila alikuwa amesikia karani hana mke.

Mimi nimekuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Nyeri kwa miaka ishirini na tisa. Wanafunzi wananiita Madam Tabby mbele yangu, na nyuma yangu wananiita Radi, nami silaumu. Kila mwaka ninapofundisha visawe naandika ubaoni kizunguzungu, kisunzi, masua, gumbizi, halafu namkumbuka Baba. Siku moja nilimletea hayo maneno nyumbani kwa majivuno, nikiwa mwalimu mpya. Aliyasikiliza yote. "Gumbizi," akarudia polepole. "Hiyo ni ugonjwa ya kuku." Halafu akaniuliza kama hayo maneno yangu yanaonyesha ni giza ama ni ukungu.

Mama alifariki Machi mwaka huu. Tulimzika pale pale shambani, upande wa juu, karibu na mstari wa kwanza wa kahawa, kwa sababu alisema anataka kuwaona wanaochuma vibaya. Baba akabaki peke yake katika nyumba ya mbao yenye madirisha ya buluu, akiwa na miaka themanini na kuku sita. Hakulia mbele yetu. Alisimama kaburini amevaa koti lake, akamshukuru kila mtu kwa jina kama mtu anayesoma daftari.

Kisha mwezi wa saba ukaja, na baridi yake, na jirani akanipigia simu. Mzee ameanguka shambani. Wiki iliyofuata akapiga tena. Ameanguka tena, safari hii kwenye ngazi ya jikoni, ana kidonda juu ya jicho, na anasema tusiambiwe.

Nilingoja shule zifungwe, nikawasha gari langu kuukuu, nikafika Kianyaga jioni, na kesho yake saa kumi na moja alfajiri nikamtoa nyumbani kabla hajapata nafasi ya kubishana. Hatukuwasha hata moto. Vidonge vyake vya presha alivitia mfukoni, tukanywa uji kwenye hoteli moja ya Karatina, akameza kimoja pale, na saa tatu tulikuwa kliniki mjini Nyeri, mlima umefunikwa, watu wamejikunyata kwenye foleni.

Aliyetupokea alikuwa daktari msichana wa Meru, Kajuju, mchangamfu, wa umri wa kuwa mwanafunzi wangu.

"Guka," akamwita Baba, kama mjukuu amwitavyo babu yake, "unaskia aje?"

"Niko sawa."

"Sawa aje na umeanguka mara mbili?"

"Ni uchovu kidogo. Ni uzee."

Nilihisi damu inapanda. Mtu huyu aliwanyima watu kikaratasi kwa neno kama hilo! "Baba," nikasema, na nadhani foleni nzima ilinisikia, "uchovu ni gunia! Fungua tuone!"

Alinitazama kwa upole, kama ananisamehe. "Ni uchovu, Mami," akasema. Ananiita Mami kwa kuwa nimebeba jina la mama yake, ndivyo inavyokuwa kwa binti wa kwanza kwetu, na anapoliita hivyo inakuwa vigumu kumpigia kelele. Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakusema na karani naye atakuwa hivyo.

Kajuju akampima presha, akapima tena. Ilikuwa sawa kabisa. Akakunja uso. "Kama si presha, basi tuangalie moyo na kichwa. Nitamwandikia vipimo vya wiki ijayo. Lakini mpaka tujue, mzee asikae pekee yake. Akianguka jikoni na moto uko hapo, si mchezo." Kisha akanigeukia, akacheka kidogo. "Na wewe mwalimu, vile umepiga hiyo nduru, hebu nipatie mkono."

Nilimpa ili atuache twende. Alipoona namba hakucheka tena. "Hii ni ya kuanza dawa leo. Unaskiaga kichwa?"

"Ni uchovu," nikasema. "Nimekuwa nikisahihisha mitihani."

Baba alikuwa anafunga vifungo vya koti. Alisimama kwenye kifungo cha pili, akanitazama kwa pembe ya jicho, akaendelea. Nilinunua vidonge kwenye dirisha la dawa, vikiwa ndani ya bahasha, nikavitumbukiza chini kabisa ya mkoba, chini ya leso na kalamu nyekundu, na nikavisahau kwa makusudi.

Tukiwa ndani ya gari nilimpigia kaka yangu Kinyua, aliye Nairobi, simu ikiwa kwenye spika. Kinyua ni mtu wa maamuzi. "Basi imeisha hiyo story," akasema. "Baba ahamie kwako Nyeri, Tabby. Hiyo kahawa tutafutie mtu akodi. Nyumba tufunge." Nilisema sawa. Nilisema sawa haraka mno, kwa sababu niliogopa, na mtu anayeogopa hushika lililo karibu. Akilini nilimwona Baba ameungua jikoni. Nilimwona amelala kati ya mistari ya kahawa siku nzima na umande umemkaukia mgongoni.

Tulipoipita Karatina Baba akauliza, akitazama nje, "Na huyo mama yako atabaki na nani?"

Tulipofika Kagio nilisimama nikanunua nyanya na mchele ambao hatukuuhitaji, ili nipate pa kulilia nyuma ya magunia ya watu.

Mpango ulikuwa nimpakie vitu Ijumaa, tuondoke Jumamosi.

Ijumaa niliamka jua likiwa limeshapanda kidogo, nikamkuta jikoni amemaliza uji wake wa wimbi. Mezani palikuwa na visahani viwili. Niliposimama mlangoni nikaviona, nilivijua papo hapo. Kwa miaka tisa wote wawili walikuwa na presha, na kila asubuhi Baba aliweka kidonge cheupe kwenye kisahani chake na cha manjano kwenye kisahani cha Mama, kile cha bati chenye ukingo mwekundu. Kisha alihesabu. Moja, mbili, tatu, ndipo wameze pamoja. Mama alikuwa anameza kwenye mbili. Kila siku ya Mungu, miaka tisa, alimeza kwenye mbili, na kila siku Baba alipiga meza akasema, "Umeiba!" Tukiwa wageni pale tulikuwa tunacheka mpaka uji unatupalia.

Sasa visahani vyote viwili vilikuwa vitupu. Nikasema moyoni, maskini, bado anampangia. Nikajifanya sijaona, kwa sababu kuna mambo ya mzazi ambayo mtoto hayagusi.

Baba akainuka kuichukua sufuria. Akafika nusu, akashika meza kwa mikono miwili. Macho yalikuwa wazi lakini hayanioni. Uso ulimwishia damu. Nilimrukia nikamshika kiunoni, nikahesabu mpaka tisa, kisha macho yakarudi, yakaniona, na kitu cha kwanza nilichoona ndani yake kilikuwa huzuni. Nilitegemea woga. Haukuwepo.

"Ni uchovu," akasema.

Nilimkalisha, nikaingia chumbani kwake nikaanza kuzitupa nguo kwenye sanduku. Nilizitupa, sikuzikunja. Nilikuwa nimemkasirikia yeye, na Kinyua, na mwenye kuumba mwili wa binadamu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikawa nasema kwa sauti, ili anisikie huko aliko. Chini kabisa ya sanduku la zamani nikagusa kitambaa kigumu. Lilikuwa koti lake la kaki la dispensari, lenye harufu ya sabuni ya kipande na dawa ya vidonda. Mfukoni mlikuwa na kipande cha penseli, kimechongwa kwa wembe.

Nilikaa kitandani nalo kwa muda. Hasira ilianza kunitoka. Kisha nikalivaa.

Lile benchi la wagonjwa Baba alilinunua walipojenga upya dispensari, na liko barazani kwake mpaka leo. Nilichukua kigoda, nikakaa mbele yake, nikatoa penseli, nikaita kwa ile sauti yake ya zamani ya kuitia foleni.

"Anayefuata!"

Baba alitoka jikoni ameshika ukuta. Alipoliona koti akasimama. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Machi, akaja akakaa kwenye benchi, magoti pamoja, kofia mapajani, kama wale wazee wake.

"Jina?"

"Moffat wa Gichovi."

"Uko na shida gani?"

"Niko na kizunguzungu, karani," akasema, macho yanacheka.

"Hiyo si jibu. Hiyo ni gunia. Ni wewe unazunguka ama ni nyumba?"

"Hakuna kitu inazunguka."

"Ni giza ama ni ukungu?"

Alinyoosha mgongo. Nilijua kwamba sasa kazi yenyewe imemshika. Baba anaweza kumdanganya daktari, binti yake na hata mchungaji, lakini hajui kulijibu vibaya swali zuri. "Giza," akasema. "Inaanza kando, inakuja katikati kama mtu anafunga dirisha."

"Inakuja ukisimama, ukilala, ama ukigeuza kichwa?"

"Nikisimama."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Nikimaliza uji. Mchana inapungua."

"Na jana?"

"Jana haikukuja." Akasema hivyo, kisha akafunga mdomo upesi, kama mtu aliyetoa sarafu isiyo yake.

Jana tulikunywa uji Karatina. Niliandika hilo kwenye kiganja changu, sikuwa na karatasi. "Imechoka ni miguu ama ni roho?"

Kuku alipita kati yetu. Baba alimfuata kwa macho mpaka akashuka ngazi. "Ni roho," akasema. "Miguu ingekuwa iko sawa."

Swali la tano nililiuliza kama alivyolifundisha, kichwa nimeinamisha, na nakiri kwamba nililiuliza kwa ajili ya kumaliza mchezo tu. "Na umekunywa dawa ya nani?"

Niliinua kichwa. Baba yangu, aliyewanasa watu wa tarafa nzima kwa swali hilo, alikuwa anaizungusha kofia mapajani mwake, anaizungusha, anaizungusha.

"Ya mama yako," akasema.

Penseli ilinianguka. Ile chupa! Februari nilikuwa nimemnunulia Mama chupa kubwa ya vidonge mia mbili mjini Nyeri, ili asipande magari kila mwezi. Alivimeza mwezi mmoja tu. Nilidhani tuliitupa pamoja na dawa nyingine. Lakini kwetu dawa haitupwi.

"Baba! Ya Mama na yako? Kila siku?"

"Si kutoka mwanzo." Alisema taratibu, kama anamwandikia daktari. "Mwanzo nilikuwa naweka tu. Naweka yake, naweka yangu, nahesabu, nameza yangu. Halafu yake narudisha kwa chupa. Kila siku narudisha. Mwezi wa tatu narudisha, wa nne, wa tano. Siku moja mwezi wa sita nikashindwa kurudisha. Mkono ilikataa. Nikameza. Nikaona sahani yake imeisha, kama amekula. Nikasikia vizuri, Mami."

"Na ulipoanza kuanguka, hukujua ni nini?"

"Karani ya miaka thelathini na moja, nikose kujua?" Alisema hivyo kwa fahari kidogo, na hiyo fahari ndiyo iliyoniumiza. "Nilijua. Lakini nikisema, mtachukua chupa. Na nisiposema, mtanichukua mimi. Nikaona heri ningoje kidogo."

Nilihama kigoda nikakaa naye kwenye benchi. Alikuwa bado anaizungusha kofia. Nikaishika, ikatulia.

"Na kuna kitu ingine," akasema. "Ile giza ikikuja, kuna kidogo hapo nasahau. Nashika meza, nafikiria ni yeye nimeshika. Nangoja aseme kitu. Halafu macho inafunguka, naona jiko, naona sufuria, ndio nakumbuka alienda." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Hiyo kufunguka ndio mbaya. Giza haina shida."

Nililia kwenye bega lake nikiwa nimevaa koti lake. Yeye alinipigapiga goti na kusema, "Basi, basi, karani halii mbele ya mgonjwa."

Nilipompigia Kajuju, alinitaka kwanza nimsomee jina la dawa kwenye chupa. Akasema Baba aache kabisa ile ya manjano kuanzia siku hiyo, abaki na yake, ainuke polepole, na nimrudishe Jumatatu. Tulikwenda. Moyo ulipimwa wiki hiyo hiyo, ukaonekana hauna neno kwa mtu wa miaka themanini. Giza lilipungua siku ya tatu, na ya kumi likaisha. Kinyua alipandishiwa sauti na Radi mwenyewe, akakubali kwamba kahawa haikodishwi na nyumba haifungwi, mradi jirani apite asubuhi na mimi niwe naenda kila Jumamosi. Chupa niliichukua, nikaipeleka kliniki wakaiharibu. Baba aliniangalia nikiitia mkobani. Hakubisha. Alisema tu, "Sahani iache."

Niliiacha.

Jumamosi ya mwisho wa Agosti nilifika mapema, kabla ya uji kuiva. Kulikuwa kumetakata baada ya wiki nyingi za ukungu, na kutoka barazani mlima ulionekana wote, na theluji yake kidogo iliyobaki. Baba alishuka ngazi kunipokea bila kushika chochote. Nikamuuliza kwa utani, giza? Hakuna. Ukungu? Hakuna. Miguu? Iko na nguvu ya kijana.

"Basi umepona, mzee."

"Nimepona. Naona vizuri." Akaingia jikoni, nikamfuata. Alipakua uji vikombe viwili, akaketi, akatazama upande wa pili wa meza. Kisahani chake kilikuwa na kidonge cheupe. Kile chenye ukingo mwekundu kilikuwa mbele ya kiti cha Mama, kimeoshwa, kitupu, kinang'aa. "Naona vizuri sana," akarudia, na hakuwa anafurahi.

Niliona anakawia kumeza. Niliona alivyokishika kidonge chake, akakirudisha, akakishika tena. Hakuwa na mtu wa kumhesabia.

Nilikuwa na kichwa kinachogonga tangu Sagana, nami ni mwongo kama yeye, mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilifungua mkoba, nikatoa leso, nikatoa kalamu nyekundu, na chini kabisa nikaipata ile bahasha ya dirisha la Nyeri, haijafunguliwa. Nikakaa kwenye kiti cha Mama. Nikaichana bahasha, nikaweka kidonge kimoja kwenye kisahani chake. Kiligonga bati kidogo.

Baba aliitazama mikono yangu muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa, kana kwamba anaandika.

"Na hiyo ni dawa ya nani?"

"Ni yangu, Baba."

"Ya kutoka ile siku?"

"Ya kutoka ile siku. Sijameza hata moja."

Nilitegemea kelele, maana nilistahili. Hakupiga. Aliusogeza uji wangu karibu, akanyoosha kisahani ili ukingo mwekundu unitazame. "Na Jumatatu ukiwa huko Nyeri, nani atahesabu?"

"Nitakupigia saa ya uji. Utanihesabia kwa simu."

Alitikisa kichwa kwamba amekubali. Akakishika kidonge chake, nami nikakishika changu.

"Moja," akasema. "Mbili..."

Nikameza.

Mkono wa Baba ulipiga meza, vikombe vikaruka. "Umeiba!" akasema, sauti yote, na machozi yakamtoka akiwa anacheka, na tulicheka hivyo wote wawili mpaka uji ukapoa, na ikabidi nimkumbushe kwamba yeye mwenyewe bado hajameza.